Shangazi Anajibu: Kigari cha milioni tatu, anakisukuma nani?

Tangu tulipoongelea gharama za kujifungua, barua zilizoingia nyingi ni za vigari vya watoto, strola kama mnavyoandika wengi wenu, na nimeona bora nizijibu pamoja maana zinaumiza watu kweli, kuna nyumba mke na mume hawasemeshani sababu ya kigari. Nimechukua nne.

Shikamoo shangazi. Nina mimba ya miezi saba, mtoto wa kwanza, naishi Tabata na mume wangu, yeye fundi wa viyoyozi mimi nipo kaunta benki. Tuna grupu la wasap la wanawake niliosoma nao chuo, wote waliojifungua hivi karibuni wana strola za Ulaya, Bugaboo, Silver Cross, arobaini ikiisha tu picha zinapostiwa. Nimepata mtu anayeleta kutoka London, kigari kipya na kitanda chake milioni tatu na laki mbili, nusu nalipa sasa nusu namalizia kidogokidogo. Mume wangu kagoma, anasema hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi minane. Mama mkwe naye kaongeza, eti mbeleko imelea watoto sita. Nalia kila siku. Ina maana mwanangu hana thamani? Mama Kijacho, Tabata.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika miezi saba salama.

Kutaka kitu kizuri kwa mtoto wa kwanza si dhambi na mtu asikutukane kwa hilo. Hivi vigari tangu vinaanza vilikuwa vya kuonyeshana. Kile kinachotajwa sana kuwa cha mwanzo kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, alikitengeneza kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, kina umbo la kombe la baharini na kinavutwa na mbuzi au farasi mdogo, watoto wa bwana mkubwa wanazungushwa bustanini. Silver Cross unaowataja walianza Leeds 1877, na mpaka leo ukisema vigari vya familia ya kifalme ya Uingereza watu wanawafikiria wao. Mwaka 2012 wakashirikiana na Aston Martin, wale wa magari ya kifahari, wakatoa kigari cha pauni 2,000 hivi. Bugaboo ni ya Uholanzi, ilianza kuuza 1999, ila ilikuja kushika Marekani 2002 baada ya kuonekana kwenye tamthilia ya Sex and the City, hapo kina mama wa New York wakaanza kukisaka kigari cha zaidi ya dola 700. Kwahiyo wanaoviuza wanajua wanauza na sura pia, na wewe umevutwa na kitu kilichotengenezwa kikuvute.

Sasa usalama, maana najua utasema ni kwa ajili ya mtoto. Kule Uingereza kigari cha pauni 100 na cha pauni 1,200 vyote vinapimwa kwa kiwango kimoja cha Ulaya kinaitwa EN 1888, wanaangalia breki, mikanda, kufuli la pale kinapokunjwa, kama kikikaa mteremkoni kinapinduka. Hela ya juu inakwenda kwenye kitambaa, springi, magurudumu, wepesi wa kukunja, na jina. Baadhi ya hivyo ni vitu vya maana sana, sikatai, gurudumu kubwa lenye springi linapita kwenye barabara mbovu vizuri kuliko vile vigurudumu vidogo vya plastiki. Lakini mwanangu wewe unakaa Tabata. Hebu kesho asubuhi kabla jua halijawa kali toka mlangoni kwako utembee mpaka kituoni huku unaangalia chini, hesabu mchanga, mtaro usiokuwa na mfuniko, bodaboda inayopita pembeni palepale unapopita wewe, gari lililopaki njia ya waenda kwa miguu, halafu ukifika kituoni jiulize konda wa daladala saa moja asubuhi atakupakiaje na kigari cha kilo kumi na kitanda chake. Hatakupakia. Bajaji itakubeba ila kigari kikunjwe kiwekwe nyuma, na wewe una mtoto mkononi na begi. Mwendokasi, yale mabasi ya njia yake maalumu, unaingia sawasawa bila ngazi, hapo pazuri, lakini abiria walivyojaa jioni unajua mwenyewe. Mwisho wa siku kigari hicho kitatembea Mlimani City jumamosi na kwenye picha, basi, siku nyingine zote kitakaa koridoni kimefunikwa shuka.

Mama mkwe wako kasema kweli ila kaisema vibaya. Miezi ile ya mwanzo mtoto mchanga anahitaji kulala chali sehemu iliyonyooka, kubebwa, na kunyonya. Akiwa mkononi au kifuani kwako anakusikia, na wewe unaona uso wake, unaona anavyopumua. Shingo ikishakaza unamweka mgongoni kwa kanga au kitenge na unapita popote, kwenye mchanga, kwenye ngazi, kwenye daladala, mikono yote miwili iko huru. Inaniuma sana ninapoona binti msomi anaona aibu kufunga mbeleko wakati kule Ulaya wenzako wananunua vitambaa vya kubebea mtoto kwa bei ya kigari kizima cha Kariakoo na wanalipia mafunzo ya kuvifunga. Sisi tumefundishwa na bibi zetu bure.

Kuhusu deni, hapana. Milioni moja na laki sita unatoa sasa na nyingine inakusubiri ukiwa na kidonda, hulali, na labda mtoto ana umanjano wa watoto wachanga mnatakiwa mrudi hospitali. Hiyo nusu unayotaka kutoa sasa iweke pembeni ikae palepale mpaka mtoto afikishe miezi mitatu. Ukijifungua kwa operesheni utanikumbuka. Mumeo mwanangu hajamkataa mtoto, kakataa deni, na mwanaume anayehesabu kodi ya miezi minane kabla mtoto hajazaliwa huyo anamuwaza mtoto.

Ila kuna kitu barua yako inasema bila kukitamka. Unalia sababu ya grupu. Unaogopa siku utakayoposti picha ya mwanao yupo kwenye kanga watu wakae kimya. Mwambie mumeo hicho, usimwambie kigari, mwambie naogopa kuonekana nimeanguka, nataka siku ile ya kumtoa mtoto iwe nzuri. Hapo atakuelewa na mtapanga kitu mnachokimudu, nguo nzuri, mpiga picha, pilau ya watu ishirini. Na wale rafiki zako kama kuna bebi shawa waombe mchango wa kitu kimoja cha kati, kigari chepesi kinacholala mpaka chini, vipo vya laki tatu laki nne, utakitumia mtoto akianza kukaa na kuwa mzito, miezi sita na kuendelea, maana hapo mgongo ndo huanza kulalamika kwelikweli.

Shangazi salaam. Mimi mtu wa Zanzibar, nipo London mashariki, mke wangu wa Mombasa. Mtoto anakuja mwezi wa pili kwenye baridi. Mke anataka kigari cha pauni 1,200 na kila kitu chake, mimi natia mizigo kwenye stoo zamu ya usiku, hiyo ni hela yangu ya karibu mwezi. Nikimwambia tutafute rahisi ananijibu "hapa nikipita na kigari kibovu wananiona mkimbizi." Tunakaa gorofa ya tatu, lifti hamna. Nimshauri vipi bila kumvunja moyo? Baba Mtarajiwa.

Waalaikum salaam mwanangu.

Hayo maneno ya mkeo usiyapite haraka. Mwanamke mweusi mwenye mtandio akiingia kliniki au dukani ugenini anapimwa kwa macho kabla hajafungua mdomo, na yeye kagundua kwamba akiwa na kitu kizuri mkononi sauti za watu zinabadilika. Hajalitunga hilo, kalipitia. Kwahiyo usimwambie anajionyesha. Mwambie umemsikia.

Na London si Tabata, niseme ukweli. Huko kigari ni usafiri wake wa kila siku, atakwenda nacho kupimisha mtoto, sokoni, msikitini, mvua na upepo, njia za miguu zipo za uhakika. Kutumia hela ya maana kwenye kigari London kuna mantiki ambayo Dar hakuna. Tatizo lenu nyinyi ni ngazi. Vile vinavyosifiwa vina kilo nyingi, UPPAbaby Vista ya Marekani ina kilo 12 hivi bila mtoto, sasa weka mtoto, maziwa ya dukani, na tumbo lililoshonwa wiki tatu nyuma, gorofa ya tatu, na wewe umelala maana umetoka zamu ya usiku. Kukiacha chini kwenye ngazi majengo mengi hawaruhusu sababu ya moto, njia inatakiwa iwe wazi. Atabaki ndani. Mama mzazi aliyebaki ndani majira ya baridi, mbali na mama yake na dada zake, huyo namuogopea kuliko kigari chochote.

Halafu basi. Kwenye mabasi ya London ile nafasi ya katikati ni ya kiti cha magurudumu kwanza, vigari vinakaa pakiwa wazi. Kuna kesi kubwa ya hii. Mwaka 2012 bwana mmoja anaitwa Doug Paulley, anatumia kiti cha magurudumu, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds, nafasi ina mama na kigari mtoto kalala, mama akasema kigari chake hakikunjiki, bwana yule akaachwa kituoni. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu na Januari 2017 wakaamua kwamba dereva kuomba mara moja halafu kunyamaza haitoshi, anatakiwa afanye zaidi kumhimiza mtu asogee. Namwonea huruma yule mama na namwonea huruma zaidi yule bwana, na chanzo chake ni kigari kikubwa kisichokunjwa. Mkeo akikutana na hali hiyo atatakiwa akunje, mtoto mkono mmoja, basi limejaa wanamtazama, na hapo ndipo atakapojisikia mgeni kuliko kawaida.

Fanyeni hivi. Nendeni wote wawili dukani siku ambayo huna zamu, mbebe kitu cha kilo tatu na nusu mkono wa kushoto, begi la mchele litafaa, halafu yeye akikunje kigari kwa mkono wa kulia peke yake, akinyanyue, apande nacho ngazi za duka. Asaidiwe na mtu, hapana, peke yake. Kile atakachoweza ndo chenu. Vipo vizuri tena vyenye jina ambavyo ni vyepesi, kuna YOYO iliyoanzishwa na Wafaransa ina kilo sita na ushee na ikikunjwa inakuwa ya sentimita 52 kwa 44 kwa 18, watu wanaingia nayo ndani ya ndege, mkija nyumbani kuonyesha mtoto itawafaa. Ila hakikisheni mnapata na ile sehemu ya mtoto mchanga ya kulala, maana huko huko hospitali zao wanashauri mtoto alale flati mpaka aweze kukaa mwenyewe. Na kile kiti cha kwenye gari kinachobandikwa juu ya kigari kisigeuzwe kitanda, mtoto akilala humo kakunja kidevu kifuani njia ya hewa inabanwa, wataalamu wa kule wanasema isizidi saa mbili na kwa mchanga kabisa iwe pungufu ya hapo.

Na chukueni kilichotumika. London vigari vya majina watu wanavitumia mwaka wanaviuza nusu bei au chini, vingine havina hata mkwaruzo, na nyinyi mkimaliza mtauza tena. Mkeo atapata jina analolitaka na wewe utabaki na hela ya mafuta ya kupasha nyumba Februari. Mwambie pia kwamba siku za jumapili utasukuma wewe, mtoke wote. Wanawake wengi wanaotaka kigari kizuri wanataka na mwanaume pembeni yake.

Shikamoo shangazi, mimi msichana wa kazi Nairobi, Kilimani, kwetu Kilifi. Nalea mtoto wa miezi mitano. Madam ana strola ya bei, inazidi mshahara wangu wa miezi saba. Kaniambia nisiipitishe kwenye matope, nisiikunje, na nikitoka niifunike na kitambaa vumbi lisiingie. Juzi gurudumu la mbele limeanza kukwama, sijamwambia naogopa atanikata mshahara. Mtoto pia akiwa ndani imefunikwa anatoka jasho sana. Nifanye nini?

Marahaba binti yangu, na nakushukuru kwa kuandika, maana kwenye maneno yote haya ya vigari wewe ndiye unayesukuma na hakuna anayekuuliza.

Jasho kwanza, hilo ni la leo leo. Usikifunike kigari na kitambaa, hata kanga nyepesi, mtoto akiwa ndani. Hewa inasimama, joto linapanda ndani haraka kuliko unavyohisi wewe ukiwa nje, na mtoto wa miezi mitano hawezi kujifunua. Tumia kile kikofia cha kigari chenyewe, au mwavuli, tembea upande wa kivuli, toka mapema au jioni. Kila baada ya muda mfupi mguse shingoni kwa nyuma, ukikuta kuna unyevu na moto mtoe, mpunguze nguo. Madam mwambie hivi hivi kwa upole, "madam, mtoto anatoka jasho nikifunika, nimeambiwa ni hatari, naomba nisifunike." Vumbi linafutika kwa kitambaa chenye maji.

Gurudumu mwambie leo. Likikwama katikati ya barabara gari linakuja utamlaumu nani? Mara nyingi ni nywele na uzi vimejizungusha kwenye ekseli, unalivua gurudumu, unavikata na kisu kidogo, unafuta mchanga, linazunguka tena, ila fanya mbele yake au kwa ruhusa yake. Na mshahara, sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 19 inamruhusu mwajiri akate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika pale ambapo mfanyakazi kaharibu kwa makusudi. Gurudumu la kigari kinachosukumwa kila siku kuchakaa si makusudi yako. Kumficha ndiko kutakakokuponza.

Kila ukisimama funga breki, hata kwa dakika moja ya kununua maziwa, hata sehemu unayoiona tambarare. Mkanda wa mtoto ufunge wote, mabegani na katikati ya miguu. Usitundike mifuko mizito kwenye mpini, kigari kinapinduka kwa nyuma mtoto akiwa humo.

Na wewe mama mwenye nyumba ukiisoma hii, nakusihi. Huyu binti anaogopa kigari kuliko anavyojiamini na mtoto wako mikononi. Mtu anayeogopa kuchafua gurudumu atapita barabarani kukwepa matope, na mwanao ndo yupo mbele, kigari ndicho kinachotangulia kuingia barabarani kabla ya mwili wake. Mwambie leo kwamba kigari kikivunjika ni chuma, na umwonyeshe jinsi ya kukikunja.

Shangazi, nipo Mwanza, naona vigari vya mtumba vizuri tu, vya Uingereza na Japani, elfu sitini mpaka laki. Mume anasema mtumba ni hatari. Kweli? Mama Mapacha.

Mapacha, mashallah. Mtumba sio hatari wenyewe, hatari ni kutokagua, na kipya cha bei kali nacho kinaweza kuwa na kasoro. Maclaren, wale walioanzishwa na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege mstaafu aliyebuni 1965 kile kigari chepesi cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli baada ya kumuona binti yake anahangaika safarini, ni jina lenye heshima, lakini Novemba 2009 huko Marekani vigari vyao kama milioni moja vilibidi virekebishwe, bawaba ya kukunjia ilikuwa inakata ncha za vidole vya watoto, kesi 12 ziliripotiwa. Walitoa vifuniko vya kuziba zile bawaba. Kwahiyo ukikutana na Maclaren ya zamani sokoni angalia bawaba za pembeni kama zimefunikwa, na kigari chochote unapokikunja au kukikunjua watoto wawe mbali.

Pale sokoni kikunjue, kikandamize kwa nguvu zako zote uone kufuli linashika au kinajikunja chenyewe. Kikijikunja kiache. Weka breki ukisukume, magurudumu ya nyuma yote mawili yasizunguke. Vuta kila mkanda, fungua funga buckle, yaani kile kishikizo cha plastiki, mara kadhaa, kisiachie. Shika fremu uangalie ufa na kutu pale vyuma vinapokutana. Nusa kitambaa, harufu ya ukungu ikiwa kali imeingia mpaka kwenye sponji haitoki. Kwa mapacha tafuta cha viti viwili vilivyoongozana mbele na nyuma, vile vya kukaa sambamba ni vipana, milango mingine haviingii, kipime mlango wako kwa kamba uende nayo sokoni. Kiti cha mtoto cha kwenye gari usinunue mtumba kabisa kama humjui aliyekitumia, kikishapata ajali hata moja kinaweza kupasuka ndani na kwa nje usione kitu.

Ukishakipata vua vitambaa vyote fua kwa sabuni na maji ya moto, fremu ifute na maji yenye dawa, anika vyote juani siku nzima mpaka pale mishono inapokutana pakauke, ndo uwapandishe wanao.